Mapatano ya Benchi la Tatu

Mimi nikimwomba Mungu, jirani asiyetaka kusikia ahame. Nimeumbwa hivyo. Wiki nzima nimeinama juu ya cherehani nashona nguo za watu, halafu Jumapili nifunge mdomo tena? Thubutu. Mume wangu, seremala, alikuwa kinyume changu kabisa. Akishapiga magoti na kuweka paji la uso juu ya benchi lililo mbele yake, anatulia kama maji mtungini.

Miaka kumi na tisa tulikaa benchi la tatu tukisumbuana. Nikipandisha sauti, ananigusa goti nipunguze. Akizama kimya, namtikisa bega aseme angalau amina. Mchungaji alipochoka na mashtaka yetu alitukalisha chini, akatuambia kwa Mungu hakuna mlango mmoja, kila mtu aingilie ule anaouweza. Basi tukapatana: yeye asiniguse, mimi nisimtikise.

Jumapili ya kwanza ya mapatano hayo aliamka na jasho shingoni, vifungo vya shati amevipishanisha. Nikamuuliza ana nini. Akasugua kifua, akasema ni gesi tu. Moyo ulinisita, lakini kengele ilikuwa imeshalia, nikatangulia.

Kanisani alikuja akapiga magoti kando yangu, na maombi yangu yalikuwa yamepamba moto nilipohisi vidole vyake gotini. Nikachukia. Hata wiki haijaisha, bwana huyu ameshavunja neno! Vikabonyeza tena, safari hii kwa nguvu. Nikasogeza goti, nikapaza sauti mpaka koo likawasha, makusudi, anisikie vizuri. Havikunigusa tena.

Ibada ilipokwisha alikuwa bado amepiga magoti, paji kwenye benchi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe begani kwake, nikaurudisha. Mimi si mvunja ahadi kama yeye. Nikatoka nje kupiga soga na wenzangu, nikiwatania kwamba leo mzee atatoka na majibu ya kanisa zima.

Mfagiaji akaja kusema mume wangu bado yuko ndani, na yeye anataka kufagia chini ya mabenchi. Nikajibu kwa sauti, ili na mchungaji aliyekuwa karibu asikie nilivyobadilika.

"Mwache. Anaongea na Mungu wake."

Akarudi mara ya pili. Alisimama mlangoni ameshika fagio kwa mikono miwili, ananitazama mimi.

Niliingia, nikaketi pale pale pangu. Nikavunja mapatano: nikamtikisa bega, polepole, kisha kwa nguvu zangu zote, akaniangukia mapajani, mzito, shingo imeshapoa. Laiti ningegeuza uso tu, alipobonyeza ile mara ya pili. Watu walijaa mlangoni wakingoja kelele zangu, maana wananijua. Nikafungua mdomo. Haikutoka hata amina.