Uzito wa Bibi Nhàn

Kila mwisho wa mwaka, baada ya chai ya saa nne, Thục humpima bibi yake kwa mizani ya dagaa. Humpandisha mwenyewe, akamshika kiwiko asiteleze, akasoma namba na kuiandika. Mizani ile haioshwi vizuri, na Bibi Nhàn, aliyekufa miaka kumi na mmoja iliyopita, hakosi neno.

"Ungeifuta kwanza, we mtoto. Nitanuka shombo."

"Bibi, umenuka shombo maisha yako yote."

"Yangu ilikuwa shombo ya heshima."

Na kweli ilikuwa ya heshima. Enzi zake alivundika mchuzi wa dagaa katika mapipa makubwa ya mbao, na mji mzima wa Phan Thiết ulijua kwamba chupa yenye jina lake hainuswi kabla ya kununuliwa. Kizuri chajiuza. Alipofariki, mwanawe, ambaye Thục humwita Mjomba Bảy, alielemewa na kazi, akaiuzia kampuni mapipa, ghala na jina. Jina ndilo lililolipiwa zaidi. Siku ya kutia sahihi, Mjomba Bảy aliwasha ubani mbele ya picha ya mama yake, kama inavyompasa mtu mwenye shughuli kubwa, akamwarifu: "Mama, jina lako linakwenda kwa wengine. Nenda nalo, ukalitunze." Akasahau kumwambia arudi lini.

Wafu ni watu wa kushika neno. Kesho yake Bibi Nhàn alikutwa ofisi ya uhasibu, kavaa suruali na blauzi yake nyeusi ya hariri, kakunja miguu juu ya kiti. Thục, aliyeajiriwa pale siku chache kabla, akamtafutia mto wa kuegemea.

Wakaguzi wa hesabu walipouliza huyu ni nani, waliambiwa ndiye lile jina. Wakafurahi. Jina ni mali isiyoshikika, na sheria inataka kila mwaka lipimwe kama bado lina thamani iliyoandikwa vitabuni. Likipungua, upungufu uandikwe kuwa hasara. Kwa kawaida kazi hiyo ni makadirio matupu na kuomba Mungu. Hili lilipanda mizani. Mwaka wa kwanza lilikuwa na kilo arobaini na mbili, zikaandikwa.

Kisha kampuni ikaanza kuongeza maji ya chumvi kwenye mchuzi, na sukari iliyounguzwa ili kuurudishia rangi. Bibi akaanza kupungua. Wateja wa zamani walivyozidi kuhama, naye alizidi kuwa mwepesi, mpaka feni ikiwashwa ikawa lazima ashike meza. Namba za Thục ziliishia kwenye daftari lake; vitabuni, walikosoma wakaguzi, Bibi alibaki arobaini na mbili.

Nyumbani, kila siku ya kumbukumbu ya kifo chake, Mjomba Bảy alipanga sinia la wali na samaki aliyepikwa chunguni, akamwita aje kula. Hakuja; alikuwa kazini. Mjomba akamfuata ofisini, akapiga magoti.

"Mama, rudi nyumbani. Nilikosea kusema."

"Uliniambia nilitunze jina. Wakiandika kwamba halina thamani tena, nitakuwa sina cha kutunza, nitarudi. Kabla ya hapo ni utoro, na mimi sikulea watoro."

Mjomba Bảy alilia pale kwenye korido, mtu mzima na mvi zake, na mlinzi akamletea kiti.

Mwaka huu mshale wa mizani haukutikisika kabisa. Thục aliutazama, na moyo ukamdunda kwa furaha ambayo aliionea haya. Sifuri! Aliandika hasara yote, akaipeleka kwa Mkurugenzi Khải.

"Dada Thục, ukiandika hivi benki inakuja kesho asubuhi. Mkopo wetu wote umesimama juu ya jina hili."

"Jina lenyewe halisimami, bosi. Linapeperuka."

"Basi funga dirisha."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo kilishamuumbua, na bado yupo kazini." Mkurugenzi alisema hayo bila kejeli, akammiminia chai. "Watu wote kule ghalani wanakula kwa mkopo huu. Mumeo yuko kule kule."

"Na maji ya chumvi aliagiza nani?"

Mkurugenzi aliinua simu, akaagiza stoo walete chubwi, yale madonge ya risasi yanayozamisha nyavu.

Wakamshonea Bibi mshipi mpana, wakaupachika chubwi kuuzunguka, mpaka mizani ikasoma arobaini na mbili. Mabega yake yaliinama. Mkaguzi alipofika aliitazama namba, akautazama mshipi.

"Na hii ni nini?"

"Mapambo ya hapa kwetu," alisema Mkurugenzi.

Mkaguzi akamgeukia Thục, kwa kuwa ndiye mhasibu, tena ndiye mjukuu. Thục alikuwa na hasira. Dirishani aliona kichwa cha mumewe kikipita katikati ya mapipa.

"Mapambo," alisema.

Mkaguzi akaandika kwamba thamani ya jina haijapungua, wakaenda kula.

Siku ya kumbukumbu ilipowadia, Thục aliliweka sinia kwenye baiskeli, akalipeleka ofisini. Mlinzi alilifunua, akalifunika, akamruhusu kupita. Bibi Nhàn alimega samaki, akachovya kwenye mchuzi wa chupa ya kampuni, iliyoandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu.

"Lo! Maji haya."

Lakini alikula, kwa sababu chakula cha watu hakisusiwi.

"Mjukuu wangu, mizani imesemaje? Bado natosha?"

"Unatosha, Bibi. Arobaini na mbili."

"Nani kathibitisha?"

"Mimi."

Bibi alitafuna polepole. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma Thục kuliko tusi.

"Basi nilegezee mshipi kidogo, nipate kumeza."

Thục akapiga magoti, akaulegeza. Bibi Nhàn akaanza kunyanyuka kitini, bakuli mkononi, kuelekea dirisha lililokuwa wazi upande wa nyumbani.

Thục akamvuta chini, akaukaza tena.