Chupa Isiyotaka Mwenyekiti

Mkaza mwana alikaa kando ya kitanda cha mama mkwe wake, macho juu ya chupa ya dripu kama paka kwenye tundu la panya. Bibi alikuwa ametapika na kuharisha mpaka miguu ikaisha nguvu. Vipimo vya damu vikasema chumvi ya potasiamu imemwishia mwilini. Muuguzi, kabla ya kuitundika chupa iliyochanganywa potasiamu, aliuliza waziwazi:

"Mama amekojoa leo?"

Wifi mtu, binti wa bibi, akaziba mdomo kwa mtandio. "Sista! Mama huyu ana wakwe!"

"Hata wenye wakwe hukojoa. Mkojo usipotoka, potasiamu hujaa mwilini ikawa sumu. Amekojoa?"

"Amekojoa," mkaza mwana akanong'ona. "Nimemshika mwenyewe."

Ndipo muuguzi akatundika chupa, akapanga matone kwa kile kigurudumu cha kwenye mpira. "Hii haikimbizwi, dada. Ikiingia kwa kasi, moyo unaweza kusimama. Asishike mtu hapa. Mkono ukimwaka, niite."

Mambo yakaenda vizuri mpaka saa ya kuona wagonjwa, alipoingia mtoto mkubwa wa bibi, ambaye ukoo mzima ulimwita Bwana Mipango. Hapakuwa na arusi wala msiba ambao hakuwa mwenyekiti wake. Akapita katikati ya vitanda mikono nyuma, kama anayekagua gwaride, akasimama ghafla.

"Wale jirani wako chupa ya pili. Sisi bado tunadondoka na ya kwanza? Watu watatuelewaje?"

"Shemeji, ile ya jirani ni ya kuongeza maji mwilini tu," mkaza mwana akasema. "Hii ina potasiamu, sista amesema..."

"Sista anabana matumizi. Angekuwa mama yako mzazi, ungekubali?"

"Mwulize, kaka," wifi akadakia. "Uchungu wa mzazi aujuaye ni mwana. Yeye kaja tu na begi lake."

Bwana Mipango akanyoosha kidole, akasukuma kigurudumu. Matone yakaacha kuhesabika, yakawa uzi.

"Mwanangu," bibi akaguna, "mkono unaniwaka."

"Mmeona? Dawa imekubali! Dawa isiyouma ni uji."

Katika nyumba ile, mkaza mwana hakuwahi hata kupita mbele ya shemeji yake bila kuinama. Sasa aliinuka, akausukumia mbali mkono wa shemeji, akafunga kigurudumu mpaka mwisho, akapaza sauti: "Sista! Sista!"

"Amempiga kaka!" wifi akalia.

"Nimepiga kidole. Kaka mzima yupo."

Muuguzi akaja mbio, akashika mshipa wa bibi, akamwita daktari. Wakabandika nyaya za mashine ya moyo kifuani. Karatasi ikaanza kutoka taratibu. Mkaza mwana alijua kwamba moyo ule ukisimama, hakuna atakayekumbuka kidole. Wataukumbuka ukelele wake.

"Moyo uko sawa," daktari akasema hatimaye. "Imeingia kidogo tu. Nani kafungua?"

Bwana Mipango akatazama dari, kana kwamba dari ndiyo yenye kesi.

"Imefunguliwa na mgeni, daktari," mkaza mwana akasema. "Mimi nimefunga."

"Kwa kweli," Bwana Mipango akakohoa, "sisi wanafamilia tuligundua kasoro na tukachukua hatua. Panahitajika usimamizi."

Muuguzi akamtazama, akaelewa mtu wake. "Sawa, mzee. Msimamizi ni wewe. Kazi yako ni moja: asiguse mtu, ukiwemo wewe."

Daktari na muuguzi walipokwisha kuridhika, wakaianza dripu upya katika mkono mwingine, polepole kuliko mwanzo. Bwana Mipango akavuta kiti, akakaa chini ya chupa, kifua mbele. Wifi aliposogea kumfunika mama shuka, akafokewa: "Rudi nyuma! Hujui potasiamu wewe? Moyo huo!" Hata jirani akahutubiwa, pamoja na chupa yake.

Wifi akampa mkaza mwana shuka, akarudi nyuma.

Bibi akafungua jicho moja. "Amekaa?"

"Amekaa, mama."

"Mwache hapohapo, mwanangu," akanong'ona. "Akiinuka tu, atatafuta kingine cha kuongoza."

Akalala usingizi, mkono wake mmoja umeshika kidole cha mkaza mwana.