Taa za Injini ya Vernon

Harlan Lindquist alikuwa na ugonjwa usio na dawa: hakuweza kupaka rangi mpya juu ya rangi ya zamani. Wenzake wa klabu ya kutengeneza treni ndogo za mfano katika mji wa Galesburg walimcheka kwa hilo, maana wao walipaka tu wakaenda zao kunywa bia. Yeye alishikilia kwamba rangi ikirundikana humeza bawaba na vichwa vya misumari, na injini hubaki kama imevikwa blanketi. Kwa hiyo kila ganda la plastiki la injini ndogo lililofika kwenye chumba cha chini ya nyumba yake lilioshwa kwanza, kwa spiriti kali ya duka la dawa, mswaki mkuukuu, na subira ya mtu aliyefiwa na mke na asiyesemezana na mwanawe.

Ganda la siku hiyo lililetwa na Doreen, mke wa Vernon Tackett. Vernon alikuwa rafiki wa Harlan wa kufa na kuzikana, dereva wa treni za mizigo aliyestaafu, na siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imekaribia. Doreen alilikuta ganda nyuma ya kabati, limepakwa buluu ovyo ovyo, akaona alitengenezeshe amshtukize mumewe. Harlan alishangaa kuliona. Mikono ya Vernon ilijua kuiga kutu na masizi mpaka uogope kuchafuka. Buluu hii ilikuwa kama imepakwa na mtu aliyefumba macho.

Alilitumbukiza kwenye spiriti akapanda juu kunywa supu yake. Aliporudi, buluu ilikuwa imevimba na kujikunja. Akavaa glavu, akaanza kusugua. Chini ya buluu kulikuwa na rangi nyingine, kijani iliyokolea, imefunikwa na vanishi ngumu ambayo spiriti haikuiweza. Kisha ikajitokeza namba ubavuni: 418.

Hiyo ndiyo namba ya injini iliyoligonga gari la mwanawe Kurt, jioni moja ya ukungu wa Novemba, kwenye kivuko cha reli kisicho na kizuizi katikati ya mashamba ya mahindi. Joelle, mke wa Kurt, alikufa palepale. Kurt alisema treni haikuwa na taa. Vernon, aliyekuwa akiiendesha, aliapa mahakamani kwamba taa ziliwaka. Na Harlan alipoulizwa hukohuko mwanawe ni dereva wa namna gani, alijibu kwamba kijana huyo tangu utotoni alikuwa na haraka. Kurt akafungwa. Alipotoka alihamia mji wa mbali, Spokane, na baba yake hakuwahi kumpigia simu.

Harlan alijiambia kwamba si ajabu mtu kuiga injini aliyoiendesha. Angeacha hapo angelala salama. Lakini kidole kilikuwa kimeshaufikia mlango wa dereva, na mlango ukatokea wa kijivu.

Klabu nzima iliujua mlango ule. Uliazimwa kutoka kwa injini nyingine wiki ileile ya ajali, na Vernon aliufanyia mzaha mpaka watu wakachoka kucheka. Baada ya ajali 418 haikurudi relini, kwa hiyo ganda hili liliiga siku zile na si nyingine. Na hawa watu wana desturi yao: injini huigwa jinsi ilivyokuwa siku fulani, pamoja na ubovu wake wote, na anayeficha ubovu huonekana tapeli. Hakuna aliyekuwa mkali juu ya hilo kumshinda Vernon.

Harlan alianza kuogopa, na bado akasugua pua ya injini. Taa mbili zikaonekana. Vernon huzijaza taa zake gundi nyeupe inayong'aa mfano wa kioo. Hizi zilipakwa nyeusi, kwa brashi nyembamba, kwa uangalifu mkubwa.

Simu ikalia. Ni Vernon. Doreen ameshindwa kutunza siri, akasema, na Harlan asiliguse lile ganda, yeye yuko njiani. Sauti ilikuwa tulivu mno. Haukupita muda hatua zake zikasikika kwenye ngazi. Hakuwahi kubisha hodi katika nyumba ile.

"Umeshaliosha," Vernon akasema.

"Taa zilikuwa zimezimika, Vern?"

Vernon akavuta kiti. Alieleza bila kumtazama kwamba taa zilikufa njiani, akaarifu kwa redio, akaambiwa alete mzigo hivyo hivyo, naye alikuwa karibu kustaafu.

"Kwa nini ukaziiga, basi?"

"Nilijaribu kuzitia mwanga, mzee. Mkono ukagoma. Ingekuwa uongo."

Alisema hivyo kwa dhati kabisa. Mtu aliyeweza kudanganya mbele ya jaji alishindwa kudanganya kwenye kipande cha plastiki. Harlan akamwambia atampigia Kurt sasa hivi, na Vernon atamwambia kwa kinywa chake.

"Nina wajukuu, Harlan."

Vernon akalichukua ganda taratibu, kama alivyozoea kushika kazi ya mikono yake, akalidondosha ndani ya mtungi wa asetoni, dawa inayoyeyusha plastiki, ambamo Harlan huosha bomba la kupulizia rangi. Harlan angeweza kumshika mkono. Alisimama tu. Pua ikalegea, mlango ukazama, namba ikatanuka kisha ikatoweka kwenye uji wa kijani. Vernon akafunga kifuniko, akajipangusa vidole.

"Doreen asijue," akasema, akapanda ngazi.

Harlan alibonyeza namba ya Spokane.

"Baba?" Kurt akaitika. "Nani amekufa?"

Harlan akamwaga yote bila mpangilio: buluu, mlango, taa, mtungi. Kurt akasema polepole:

"Mimi nilikwambia. Nikiwa hospitali, sina hata meno ya mbele, nilikwambia taa hazikuwaka. Uliondoka kitandani kwangu ukaenda kusema nina haraka."

"Najua, mwanangu."

"Leo umeambiwa na plastiki, ndiyo umeamini."

Kurt hakugomba. Alimtakia baba yake jioni njema, kwa adabu ile anayopewa mtu usiyemfahamu, akakata simu.