Kona Nne za Zahanati

Tetemeko lilipopita, zahanati ya mtaa ilikutwa imeinama upande, imezama hadi madirishani. Hakufa mtu, kwani ilikuwa siku ya mapumziko, lakini watu hawakosi wa kumlaumu. Aliyeijenga ni Fundi Timazi. Mwenye bucha akatangaza mtaa mzima kwamba fundi kala saruji, na Timazi akajifungia ndani kwa aibu. Hata chai alipelekewa chumbani.

Dada yake alikuwa mhandisi wa kuchunguza majengo yaliyoharibika. Alipofika na mwenzake, mwenye bucha akacheka. "Kesi ya nyani, hakimu ngedere!"

"Ndiyo maana utapima wewe," akamjibu, akamtia ncha ya futi ya chuma mkononi. Moyoni alishaamua. Kaka yake akiwa na kosa, ataliandika.

Watu wa mtaa walishaliegemeza jengo kwa magogo. Walipoingia kwa dirishani, mhandisi aliteremsha uzi wa timazi kupima wima: ukuta umeinama.

"Si unaona!" mwenye bucha akadakia.

"Tazama na kuta nyingine. Zote zimeinama sawasawa. Sasa pima konani: tia alama mita tatu ukuta huu, nne ule. Kona ikiwa haijafunguka, kati ya alama utapata tano."

Mwenye bucha akapima, akakohoa. "Tano."

"Walioko nje hawajasikia, mzee wangu."

"Tano!"

Kona ya pili, tano. Ya tatu, watu madirishani wakaitikia naye. Ya nne ilikuwa shangwe tupu. Yule aliyekuja na mhandisi akaipiga nguzo nyundo mpaka mkono ukamuuma, saruji isimeguke.

Nje, mhandisi akaonyesha vichuguu vya mchanga vilivyozunguka jengo. "Huu umetapikwa na ardhi. Kulikuwa na nini hapa?"

Mwenye bucha akatazama viatu vyake. "Bwawa. Tulilifukia kwa mchanga, ndipo tukamkabidhi fundi kiwanja. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi."

"Mchanga wenye maji ukitikiswa hugeuka uji, mzee. Jengo halikuvunjika. Limezama zima zima."

Machozi yakamtoka mhandisi hapo hapo mbele za watu, wala hakuyafuta. Umati ukashika njia ya kwa Timazi, mwenye bucha mbele, akaugonga mlango kwa viganja vyote viwili.

Fundi akachungulia, ndevu timutimu. Akasikiliza yote, kisha akauliza polepole: "Na ile kona ya nyuma?"

"Nayo tano, fundi. Tano kamili. Nisamehe."

Timazi akamtazama dada yake, akaangua kicheko. Kisha akaagiza chai yake iletwe nje, barazani.