Huangana Mia Tatu na Kumi na Wawili

Kijiji chetu chote hakuna mtu wa kuhesabu huangana kama mimi Jarlin. Hao nguruwe wa msituni wenye midomo myeupe wakipita, wenzangu hutimua mbio. Mimi nasimama njiani, mkono kiunoni, nawahesabu kama kuku wa mama.

Walitoweka miaka kumi na mmoja. Wengine walisema tuliwamaliza kwa bunduki, wengine wakasema wamehama tu, wamenuna. Mwezi uliopita nyayo zao zikaonekana tena kwenye matope ya chumvi wanayolamba wanyama. Apu Eliseo, mkuu wetu, akaamua: wakizidi mia mbili, tutawinda kwa ajili ya sikukuu ya San Juan. Wasipofika, haguswi hata mmoja, wazaane kwanza. Kazi ya kuhesabu nikapewa mimi.

Jana mchana nikaingia mkutanoni, uso umevimba kama papai.

"Mia tatu na kumi na wawili!"

Ukumbi ukalipuka. Wanaume wakaanza kugawana risasi, wanawake wakaanza kubishana watafunga juane ngapi, ule wali wa nyama ndani ya majani.

"Na huo uso?" Apu akauliza.

"Nyuki, Apu. Sikutaka kuyumba, nilikuwa nahesabu."

"Mwanaume huyo!" mtu akapiga kelele. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, hivi kidogo tu.

Ndipo Shangazi Zoraida akaingia na kikapu chake cha matunda ya aguaje, anahema.

"Nyuki wa wapi, mwanangu? Si ulipanda mti wa tangarana? Mtoto wa hapa hapa, unapanda mti wenye siafu!"

"Shangazi, labda umenifananisha..."

"Nilikuwa juu ya mti wa pembeni yake. Mimi nilichagua usio na siafu. Apu, huyu alifumba macho, kila akisikia meno yanagongwa, anaongeza mmoja. Huangana mmoja akikasirika anagonga meno mara ngapi?"

Wazee wakaanza kucheka kwa mabega.

"Wewe uliona wangapi, Zoraida?" Apu akauliza.

"Arobaini na watatu. Tisa bado wananyonya."

Risasi zikarudi mfukoni, moja moja. Apu akanigeukia. "Jarlin, ulikuwa chini au juu?"

"Chini, Apu. Naapa."

Shangazi akapekua chini ya aguaje, akatoa buti la mpira la mguu wa kushoto, akaliweka mezani. "Nimelitungua kwenye tawi la tangarana." Ukumbi mzima ukainama kutazama miguu yangu.