Haijapoa

Kila asubuhi nilimtoa baba nje hadi kibarazani, nikamkalisha kwenye kiti kilichoelekea uani, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa miguu ya mwanawe ikichomoza kwenye buti la gari.

"Kidole!" aliita. "Umekufa humo?"

"Nipo, baba."

"Basi kohoa tujue. Miguu hata maiti anayo."

Gari lilikuwa la zamani, jekundu lililofifia likawa rangi ya kigae. Paa lake la turubai lilikuwa la kujikunja: unabonyeza swichi, mota iliyojificha nyuma ya kiti inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma mikono miwili ya chuma, na paa linainuka na kujilaza nyuma kama mtu anayejivua shuka. Ndivyo nilivyosimuliwa. Mimi sikuwahi kuliona likifunguka. Lilikufa kabla sijapata akili, na aliyeliua, kwa kauli ya baba, alikuwa kaka yangu.

Sharti la gari lile lilikuwa moja. Paa likifika mwisho, mlio wa mota hubadilika, huwa mzito. Ukiusikia, achia kidole; usipoachia, mota inaungua. Kaka alikuwa mtoto mdogo siku alipobonyeza. Paa likafunguka, upepo ukamwingia shatini, furaha ikamziba masikio. Moshi ukatoka. Baba alilivuta paa kwa mikono akalifunga, akapandisha vioo, akamfungia mtoto ndani juani, kisha akarudi kibarazani kusoma gazeti lake. Mama ndiye aliyenisimulia, mara moja tu, huku akikunja nguo, na hakuinua macho.

Tangu hapo jina la kaka likawa Kidole. Mgeni akiuliza mbona paa halifunguki, baba alimwita kaka, akamshika mkono, akakiinua kidole chenyewe. "Muuaji huyu hapa." Wageni walicheka. Kaka naye alicheka, alijifunza mapema. Alikua akawa fundi wa umeme wa magari, watu wakimfuata kutoka mbali, lakini gari la nyumbani hakuruhusiwa hata kulipangusa vumbi.

Kisha mapafu ya baba yakachoka. Daktari alinivuta pembeni akaniambia tumpe anachokitaka. Alichokitaka baba ni upepo.

"Nipandisheni gari langu paa likiwa wazi," alisema. "Mnipitishe barabara ya juu, mara moja tu. Humu ndani hewa imeniishia." Akapumzika, akaongeza, "Mwiteni muuaji aje amfufue marehemu wake."

Kaka alikuja bila kinyongo, au ndivyo nilivyomsoma. Aliing'oa mota, akasuka upya nyaya zake za shaba, akabadilisha vipande vya kaboni vilivyolika, akamwaga mafuta yaliyoganda na kutia mapya. Nilimpelekea chai pale pale butini. Moyoni nilisema, dawa ya moto si moto. Hawa wawili watapatana kabla mzee hajaondoka.

"Tayari?" baba aliuliza.

"Bado, baba. Haijapoa."

Nilidhani ni lugha ya kifundi. Kesho yake baba aliuliza tena, akajibiwa vivyo hivyo. Na keshokutwa pia. Mashavu yalizidi kumwingia ndani. Matusi nayo yalipungua, kama maji kwenye mtungi wenye ufa, kwa sababu tusi linahitaji pumzi.

"Kidole, fanya hima."

"Bado, baba. Haijapoa."

Asubuhi moja aliita jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Mwanangu," alisema. "Tafadhali."

Miguu ilitulia. Nikasikia spana ikilazwa chini taratibu.

"Bado, baba. Haijapoa."

Baba aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Halafu akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi hata nikamshika asianguke. Nilipomfuta midomo alisema, "Sasa umekuwa fundi."

Nilikwenda jikoni nikitabasamu. Maisha yote kaka alikuwa akiingoja sifa hiyo. Niliporudi, baba aliniomba nikigeuze kiti kielekee ukutani. Hakuuliza habari za paa tena. Alifia kwenye kiti hicho, akiutazama ukuta, mdomo wazi.

Tulipokwisha kuzika na ndugu kutawanyika, kaka alikaa kwenye usukani. "Ingia, mdogo wangu," alisema.

Niliingia. Alibonyeza swichi. Mota ikaimba, nyepesi, bila kukwama, na paa likainuka, likajikunja, likajilaza nyuma. Anga yote ikatufungukia. Kaka aliachia kidole pale pale palipotakiwa. Upepo ulinipiga usoni nikalia.

"Laiti ungewahi," nilisema.

"Niliwahi."

Nilimgeukia.

"Mota ilipona siku ya pili," alisema. "Ulikuwa ndani unamvisha shati. Paa lilinyanyuka shibiri moja, nikalirudisha."

"Na siku zote zile ulikuwa unafanya nini humo butini?"

"Nimelala. Namsikiliza." Alipapasa kioo cha upande wake kwa vifundo vya vidole, polepole, kama anayetafuta mlango. "Siku ile aliponifungia nilikuwa nagonga hapa. Unajua alikuwa akinijibu nini?"

Jibu nilikuwa nimelisikia kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa nimelipelekea chai.

Akabonyeza tena. Paa halikuwa na pa kwenda. Mlio ukabadilika, ukawa mzito, ukawa mkoromo.

"Achia kidole," nilisema. Sauti iliyonitoka ilikuwa ya baba.

Kaka alinitazama akacheka kile kicheko chake cha mbele ya wageni. Hakuachia. Moshi ulipanda nyuma yetu, mwembamba, wenye harufu ya vanishi na shaba, ukaendelea kupanda hata mota iliponyamaza.

Gari lingali uani, wazi. Mvua ya kwanza ilipoanza, tulikuwa mezani, yeye na mimi. Nilisikia matone yakipiga viti vya ngozi. Nikasimama kwenda kutafuta kitu cha kulifunika.

"Kaa," alisema, akanisogezea chumvi.

Nikakaa.