Sauti ya Babu Mstaafu

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, binti aliwaamsha watu wake. Walikuwa simu kuukuu zilizopangwa mezani kwake kazini, kila moja na jina kwenye kipande cha plasta. Wa kwanza kuamka alikuwa Babu Mstaafu, maana wazee hawana usingizi. Alilisalimu kundi la mtandaoni, akayalalamikia magoti yake kidogo, akasema imani yake kwa sarafu mpya ya kidijitali haijatikisika, kisha akaaga kwa maneno yaleyale: "Basi salama." Akafuata Mama Pacha, mwenye haraka zake. Halafu Dereva, mbishi, aliyeuliza maswali magumu ili Babu apate ya kujibu.

Sarafu yenyewe fundi wa kompyuta aliitengeneza mchana mmoja, soda mkononi. Kazi ilikuwa kuitafutia watu. Kundi likichangamka, wageni huja kuchungulia, wakichungulia hukaa, na siku ya uzinduzi hununua, bei ikapanda kama maziwa jikoni. Fedha zao zingeingia kwenye kapu moja, na Mkuu, mwenye kampuni, alikwisha kutangaza kwamba kapu hilo lingefungwa mwaka mzima, hata yeye asiweze kuligusa.

"Limefungwa kwa utepe," fundi alimwambia binti siku moja, akicheka peke yake. "Mkuu akilipuliza tu, linafunguka, na fedha zote ni zake."

Binti hakucheka, wala hakuuliza. Siku hizi moyo wake ulikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi: ukigusa unajua umegusa, basi.

Asubuhi hiyo Babu alisalimu, na kabla binti hajamfikia Mama Pacha, mtu akajibu.

"Shikamoo Babu. Magoti yameamkaje leo?"

Picha ya aliyeandika ilikuwa cherehani iliyofunikwa kitambaa cha maua ya zambarau. Binti alikijua kitambaa hicho. Pindo lake moja alilishona yeye mwenyewe utotoni, likaenda upogo, na Shangazi aliyemlea akakataa katakata kulifumua.

Akakaa akiitazama picha. Chai ikapoa. Kisha Babu akajibu kwamba magoti hayajambo.

Jioni, Shangazi alikuwa akipakua chakula.

"Kuna mzee mmoja kwenye simu," alisema. "Mteja wangu ndiye aliyenipeleka huko. Mtu mzima, ana staha, mambo ya sarafu ananieleza mpaka yananiingia. Wewe na chuo chako, nikikuuliza unafanya nini kazini, unaniambia unaandika andika."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ndiyo nini? Ungekaa na yule mzee kidogo ungejifunza kuongea. Kinywa chako siku hizi ni cha kulia chakula tu." Akaweka mwiko chini. "Unajua ananikumbusha nani? Marehemu baba yako. Hata kuaga kwake. 'Basi salama.' Nikiisoma namsikia kaka yangu."

Binti alitazama sahani yake. Alipopewa kazi ya kumtunga mzee wa kuaminika, hakutafuta mbali. Vidole vilijiandikia vyenyewe.

"Mashine ya kudarizi imepata mnunuzi," Shangazi aliendelea. "Sarafu ikifunguliwa, naingia na pesa hiyo yote. Ikijibu, nakodi fremu ya duka barabarani, niache kushonea chumbani kama mwizi."

Binti akafungua kinywa.

"Naomba chumvi," akasema.

Kesho yake alimtuma Babu. Babu hakuwa na haya. Alimwandikia Shangazi pembeni, wawili tu: "Ningekuwa wewe, mama, ningengoja kwanza."

Jibu lilikuja mbio. "Babu, unanipima? Si juzi tu umesema umeweka kiinua mgongo chako chote? Usinivunje moyo sasa. Siku yenyewe nitakupigia, nisikie sauti yako ndipo nibonyeze."

Binti alisoma, akaigeuza simu kifudifudi. Mezani kwake hakuna simu iliyowahi kuita.

Siku ya uzinduzi Mkuu alikuja na shati jipya, akawa anapita nyuma ya viti akiwagonga watu mabegani. Kwenye skrini ya ukutani, mstari wa kijani wa bei ulianza kupanda.

"Mwandishi," alimwambia binti, "wachangamshe watu wako. Leo nataka hata huyo Babu acheze."

"Magoti," fundi akasema, na chumba kikacheka.

Mama Pacha alishangilia. Dereva alikubali kwamba alikosea. Vidole vya binti vilikwenda vyenyewe, simu hadi simu, na yeye akavitazama kama vya mtu mwingine. Ndipo simu ya Babu ikaanza kuita. Kicheko kilikatika.

"Hiyo nini?" Mkuu aliuliza. "Izime."

Maua ya zambarau yaliwaka kwenye kioo. Binti aliishika simu. Akaipokea.

"Shikamoo Babu," Shangazi alisema, sauti yake ya wageni, ile ya adabu. "Samahani kwa usumbufu. Kila kitu kiko tayari, kidole kiko hapa hapa. Niambie tu ndiyo."

Mkuu alikuwa akikata hewa kwa kiganja: zima, zima.

"Babu? Unanisikia?"

Sauti ya binti ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia.

"Shangazi, ni mimi. Hakuna Babu. Nilikuwa naandika mimi, kwa maneno ya baba. Usinunue, Shangazi. Ni wizi. Usinunue."